Matawi ya Iliasi

Kasongo, 9 Februari 2025

Shemeji Assumani,

Salaam aleikum. Nampa shofere mwenzako Bulaimu barua hii kwa sababu simu yako naipiga na haiiti. Najua ulikuwa hapa juzi kupakia chumvi na sabuni, maana Soraya aliingiza wale samaki uliowaacha mlangoni. Tumewala kwa wali. Asante. Wewe huwezi kuingia kwangu, mimi nami siwezi kutoka, basi tuandikiane mpaka eda iishe.

Sisi ni wazima. Chumba changu kina dirisha linalotazama barabara ya kwenu, na nasikia kila gari linaloondoka. Bado nangoja lile la kaka yako Iliasi. Lilikuwa linakohoa mara mbili kabla ya kushika, na yeye alikuwa analiambia, "Kunywa maji, mzee." Kisha anaosha miguu kabla ya kupanda, kama mtu anayeingia nyumba ya watu.

Nina neno moja la kukuuliza. Wakati wa matanga, mama mmoja aliyedhani nimelala alisema uani: "Shofere muzima, gari imemufia mu mteremuko, na hakuweka hata tawi moja!" Wenzake walimnyamazisha, lakini neno limebaki humu ndani. Iliasi huyo, Assumani! Mtu ambaye akikuta gari la mwingine limeharibika na mwenyewe amesinzia, anashuka, anakata matawi, anamtandikia barabarani ili wanaokuja nyuma wajue, halafu anaondoka bila kumwamsha. Siku ile mvua ilikuwa kubwa. Nadhani alitaka kwanza kutazama chini ya gari kuna nini, ndipo akate. Gari la nyuma halikumpa nafasi.

Nieleze mahali pale pakoje sasa. Wewe unapapita, mimi sijapaona. Usinipunguzie.

Shemeji yako,
Subira, Mama Soraya


Kabambare, 21 Februari 2025

Mama Soraya,

Waaleikum salaam. Barua imefika ikiwa na harufu ya mafuta ya gari, lakini imesomeka.

Mahali pale ni hivi. Ukitoka Kasongo unavuka daraja la magogo, unapanda kilima, juu kuna kona ambapo huoni mbele, halafu unateremka kwenye udongo mwekundu. Yaya, kaka yangu Iliasi, alifia katikati ya mteremko. Kando kuna jiwe kubwa lenye rangi ya bluu ya mlango wa gari lake. Zaidi ya hapo ni majani tu.

Labda umesikia kwamba baada ya vifo vya mwaka jana wenye magari walileta watu wa mradi kutoka Kindu, wakatubandikia visanduku kwenye kioo cha mbele. Kisanduku kina jicho linalotazama barabara, na sauti ya mwanamke inayokushauri: punguza hapa, ngoja pale, mbele kuna gari limezama. Vinaambiana. Alichokiona mwenzangu asubuhi mimi naambiwa mchana. Zamani tulikuwa tunasukumana wote ndani ya tope moja, wa mbele hatoki na wa nyuma harudi. Sasa mtu anangojea pakavu. Tangu vije hatujazika mtu, na hilo nalisema kwa moyo wote.

Sauti yenyewe inasema Kiswahili safi kama kitabu. Bulaimu ameiita Madamu. Wenzake wanamchokoza: "Madamu iko nakutawala kuliko bibi yako!" Anajibu: "Bibi yangu anajua matope iko wapi?"

Wale watu wa mradi walikifundisha pia desturi yetu ya matawi. Kikiona matawi yametandazwa barabarani, kinajua mbele kuna gari lililokufa.

Sasa nikuambie, kwa kuwa umekataa nikupunguzie. Nilipoanza kuteremka pale, Madamu alisema: "Matawi mbele. Gari limesimama. Punguza mwendo." Nikakanyaga freni. Hakukuwa na gari. Matawi yalikuwepo, mabichi, yanatoka utomvu. Niliyatupa porini. Safari iliyofuata, tena: "Gari limesimama." Matawi mengine, mabichi vilevile. Hakuna kijiji karibu, Mama Soraya. Nani anayakata?

Siku hiyo sikuyagusa. Nilisema bismillahi nikapita pembeni kabisa, pine za kushoto kwenye majani, nikiacha nafasi ya gari zima. Mwili wenyewe ulifanya hivyo kabla sijafikiri.

Ndugu yako,
Assumani


Kasongo, 4 Machi 2025

Shemeji,

Ramadhani njema. Nimefunga, na mfungo unanituliza, maana nyumba nzima inangojea magharibi, na mimi sionekani kuwa peke yangu ninayengoja.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nakuomba usiyatupe tena yale matawi. Kuhusu anayeyakata, usijisumbue.

Niambie zaidi kuhusu sauti. Inasema kwa upole au kwa ukali? Inasema gari tu, au inasema pia kuna mtu? Na inasema kila mara, hata kwa shofere ambaye hakumjua Iliasi?

Naomba usinione nimepotewa na akili. Tangu Desemba watu wote wanaoingia humu wanazungumza juu yake kwa maneno ya zamani: alikuwa, alipenda, alisema. Umeniandikia kwamba kuna kitu kimoja huko barabarani kinachosema gari lake limesimama. Si lilisimama. Limesimama. Na kinasema lina matawi. Nilipofika hapo niliweka barua chini, nikaenda kugeuza wali jikoni, nikarudi kuisoma tena.

Leo nilifungua koti lake la mvua. Mfukoni kulikuwa na njugu, zimeota ukungu. Alikuwa anazila akianza kusinzia usukanini, moja moja, akitafuna kwa meno ya mbele ili zikae muda mrefu.

Subira


Kabambare, 19 Machi 2025

Mama Soraya,

Nakujibu yote uliyouliza, hata lile nisilolipenda.

Sauti si ya upole wala ya ukali. Inasema kama mtu anayesoma tangazo. Inasema kwa kila shofere, hata kwa mgeni aliyetoka Uvira. Na uliniuliza kama inasema kuna mtu. Mwanzoni haikusema. Wiki iliyopita nikiwa peke yangu ndani ya gari ilisema: "Kuna mtu kando ya barabara." Nilitazama kulia na kushoto. Palikuwa na kisiki, na labda ni hicho. Nimeamua ni hicho.

Lakini kuna kubwa kuliko kisiki. Lile gari linatembea.

Nilidhani ni macho yangu. Mwanzo lilikuwa kwenye jiwe la bluu. Baadaye Madamu akalitangaza juu zaidi. Sasa analitangaza kwenye kona. Matawi nayo yako konani. Emile, yule kijana wa mradi, alipofika hapa tulimzunguka, naye akatuonyesha kwenye simu yake alama moja nyekundu kwa kila wiki. Akacheka: "Baba zangu, hii gari yenu iko natembea! Pole pole, lakini iko natembea. Inaenda Kasongo." Hakuna aliyecheka naye. Bulaimu alimwambia, "Emile, funga hiyo simu." Emile akasema anaweza kufuta alama, amekwisha kuifuta, lakini kila siku visanduku vinairudisha, kwa sababu vinayaona matawi. "Haiotangi ndoto," alisema. "Inasema kile iliona."

Lilipokuwa mteremkoni ilikuwa hofu tu. Konani ni hatari. Nusu ya mashofere wanamtii Madamu, wanasimama. Nusu wanafunika jicho lake kwa kitambaa wapite. Yule asiyetii anamkuta anayetii amesimama mahali asipoweza kumwona. Juzi nilibakiza kidogo nimgonge mwenzangu mgongoni, na siku hiyohiyo magari yalipangana hadi chini ya kilima. Mama Dieudonnée alikuwa juu ya mzigo wake wa nyanya, anapiga paa la gari kwa kandambili: "Mimi nimebeba tomati, sikubeba maiti! Pita!" Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupita.

Kisanduku kilichotutoa kwenye foleni ya matope sasa kimetutengenezea foleni nyingine mahali pakavu.

Watu wanasema yaya ameichoka baridi ya kule. Mimi sisemi kitu. Lakini kama unajua jambo, niambie.

Assumani


Kasongo, 27 Machi 2025

Assumani,

Ni mimi.

Jirani yangu Chimène anauza maandazi pale magari yanapopakia. Tangu mwezi wa pili wa eda ninamtuma. Kila shofere anayenunua anaambiwa: "Mama Soraya anaomba tawi moja kwa Iliasi, pale alipofia." Hawakatai. Wengine walikula nyumbani kwetu, wengine Iliasi aliwahi kuwaazima jeki. Niliomba wasikuambie wewe, maana nilijua utasema ninajitesa.

Sikuwa na wazo lingine. Nilitaka gari lake liwe na matawi, hata kwa kuchelewa. Nilitaka asigongwe tena. Nikilala ninaona lile gari la nyuma likija, na sasa likifika konani linapunguza, linapita pembeni, na yeye anatoka chini akijifuta mikono. Usingizi wangu umekuwa mwepesi tangu hapo.

Sikumwomba atembee. Naapa, shemeji, hilo halikutoka kwangu. Lakini uliponiandikia kwamba anakuja Kasongo, nilikaa chini kwenye sakafu. Nimefua pazia. Nimemwambia Soraya apake chokaa ukuta wa mbele. Ameniuliza ni kwa ajili ya Idi, nikasema ndiyo.

Kutoka konani hadi darajani ni mbali? Na baada ya daraja njia ni nzuri, sivyo? Eda yangu inakwisha baada ya Idi. Usimwambie Emile. Usiwaruhusu waguse kitu. Mwache aje.

Subira


Kabambare, 10 Aprili 2025

Dada yangu Subira,

Leo sikuiti shemeji. Naandika kwa mkono wa kushoto, utaona herufi zimelala.

Barua yako ilinifikia siku moja baada ya jambo lililotokea, na kama ingefika siku moja kabla sijui ningefanya nini tofauti. Nilikuwa nimetoka Kasongo na mchele, na watu sita juu ya mzigo. Bulaimu alikuwa nyuma yangu, amejaza kuliko mimi. Mto umepanda kwa mvua. Niliingia darajani. Pine za mbele zilikuwa zimekwisha kufika upande wa pili, nyuma bado niko juu ya magogo, Madamu akasema: "Matawi mbele. Gari limesimama. Simama hapo ulipo."

Nilisimama. Mkono na mguu vimezoea kumtii, kwa sababu mara nyingi amesema kweli. Matawi yalikuwa palepale mwisho wa daraja, mabichi. Nyuma, Bulaimu naye akasikia kwake, lakini freni zake zilikuwa na maji, akaingia darajani kabla ya kusimama. Magari mawili yaliyojaa, juu ya magogo yanayobeba moja kwa shida.

Nilisikia gogo linalia. Watu juu ya mzigo walianza kupiga kelele. Bulaimu alitoa kichwa nje: "Assumani, songa! Songa, ndugu, tunakufa!" Nami nilikuwa siwezi kusonga. Mbele yangu njia ilikuwa nyeupe, tupu, nami nilikuwa naliona gari la yaya. Sisemi nilifikiri. Nililiona, ule mlango wa bluu. Ningelipiga.

Nilivua kofia nikafunika lile jicho. Nikafumba macho yangu pia, nikakanyaga mafuta nikapita ndani yake.

Gogo lilivunjika pine zangu za mwisho zikitoka. Mkono wangu uligonga mlango. Bulaimu alirudi nyuma kwa neema ya Mungu tu. Mama mmoja aliyekuwa juu na mtoto mgongoni alishuka akakaa kwenye matope.

Baada ya hapo Bulaimu alivuka kwa miguu akanieleza habari ya maombi yako, na kesho yake jioni nikapata barua yenyewe, basi nikaelewa jinsi gari linavyotembea. Sikiliza. Madamu anamsimamisha shofere kabla ya matawi, si juu yake. Shofere anakumbuka tawi lako. Nani ataenda kwa miguu kwenye matope hadi pale alipofia yaya? Anakata hapohapo alipo, anaweka, anapita. Anayefuata anasimamishwa kabla ya tawi hilo, naye anaweka lake nyuma zaidi. Kila mmoja amefanya heshima, kila kisanduku kimesema kilichokiona, na gari linarudi nyuma, linarudi nyuma, kuelekea kwako. Hakuna anayelisukuma.

Ningependa liwe jambo lingine. Nililia nilipoelewa, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeanza kumngoja.

Lakini yaya Iliasi hakuwahi kusimamisha mtu juu ya daraja. Kama anayekuja anasimamisha watu juu ya daraja, basi si yeye, Subira. Waambie waache.

Assumani


Kasongo, 28 Aprili 2025

Ndugu yangu Assumani,

Mkono wako unaendeleaje? Nimekutumia mafuta ya kuchua, yanakuja na mafundi wanaobadilisha magogo.

Barua yako ilifika alasiri. Nilimwita Chimène kabla hata sijaimaliza. Nilimwambia, "Kesho wauzie maandazi tu." Aliniangalia, akasema, "Ni kweli, mama?" Nikasema ni kweli. Kisha nililala siku mbili, Soraya akidhani ni homa.

Yule mama mwenye mtoto mgongoni simjui. Namwona kila ninapofumba macho, amekaa kwenye matope. Amechukua mahali pa lile gari la nyuma.

Nilipotoka eda, wanawake walitaka kufanya dua na chakula siku hiyohiyo. Niliwaomba wangoje. Nilimwambia Bulaimu anipeleke. Alikataa kwanza: "Mama, barabara iko mubaya, utaenda kutafuta nini?" Nikamwambia nimetandika kitu barabarani, naenda kukitandua. Akanifungulia mlango wa mbele. Nilikaa kiti ambacho sikuwahi kukaa hata wakati wa Iliasi, maana yeye alikuwa akisema kiti hicho ni cha mizigo inayovunjika.

Nilimsikia Madamu kwa masikio yangu. Darajani, palipowekwa mbao mahali pa gogo lililovunjika, alisema vile ulivyoandika. Nilitazama mbele kwa nguvu zangu zote, na sikuona kitu. Wewe uliona mlango wa bluu, mimi nikaona matawi, mengine yamekauka, mengine bado ya kijani. Nilishuka. Nilidhani yatakuwa machache. Assumani, yalikuwa mengi! Yalitoka darajani, yakapanda kilima, yakapita kona, yakateremka hadi jiwe. Watu wote wale walinisikiliza. Bulaimu aliendesha polepole nyuma yangu, nami nikitembea mbele nikiyaokota na kuyaweka porini. Magari mengine yalifika. Mashofere walishuka wakaokota nami, hakuna aliyeniuliza. Mmoja alisema tu, "Hii iko yangu, naikumbuka, ni muti ya maembe," akalitupa mbali.

Kwenye jiwe nilikaa kidogo. Ni mahali pa kawaida. Kuna vipepeo wengi kwa sababu ya maji. Nilimwambia kwamba nimekuja kuyatoa, na kwamba nilikuwa na haraka kuliko yeye. Emile alikuwa amemwambia Bulaimu kwamba njia ikiwa safi alama itafutika yenyewe. Nilikuwa nikingoja kuumia zaidi nikilisikia neno hilo. Niliumia vilevile tu.

Tulilala Kabambare kwa shangazi yake Bulaimu, wewe ukiwa kwa tabibu wa mifupa, ndiyo sababu hukuniona. Kesho yake tukarudi. Kwenye mteremko Madamu hakusema kitu. Konani, kimya. Darajani alisema tupite mmoja mmoja, basi. Bulaimu alikuwa anaimba. Nilisinzia, njia nzima ikapita bila neno hadi naona nyumba za Kasongo.

Tukaingia mtaa wetu. Madamu akasema: "Matawi mbele. Gari limesimama. Punguza mwendo."

Bulaimu alikanyaga freni hadi nikashika kioo. Akanigeukia, jasho limemtoka. "Mama Soraya, si tumeondoa yote?"

Mbele ya nyumba yangu wanawake walikuwa wanajenga kivuli cha dua. Matawi ya mchikichi yalikuwa yamelala barabarani, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, mabichi, yamekatwa asubuhi ile. Ukuta wa chokaa ulikuwa mweupe nyuma yake. Wanawake walikuwa wanaimba kasida, wametupa mgongo, hawakuwa wametuona.

Bulaimu alitaka kupiga honi wayaondoe. Nilimshika mkono.

"Zima motere," nikamwambia. "Tungoje tu."

Akazima injini. Tulikaa ndani ya gari, na mbele yetu wakawa wanayainua moja moja, wanayapandisha juu ya miti, mpaka barabara ikabaki tupu. Madamu akasema: "Njia iko wazi. Endelea polepole."

Hapo ndipo niliposhuka, nikaingia nyumbani kwangu.

Subira